Sura ya Sita: Cha Kuongeza na Cha Kung'oa

Ukitaka kujua hali ya zulia la msikiti, usiliangalie kule mbele kwa imamu. Nenda safu ya mwisho, karibu na mlango wa kutokea birikani. Hapo ndipo watu hupita na miguu inayochuruzika maji ya udhu, na siku ya Ijumaa kila mmoja huacha hapo kidogo chake. Masika yakishika, kuanzia Machi hadi Mei, sehemu hiyo haikauki baina ya adhuhuri na isha. Ukisujudu unaipata harufu ya uvundo kabla hujamaliza tasbihi ya kwanza. Nimeswali safu hiyo Chake Chake, Wete na Mkoani, na harufu ni ile ile.

Wazee wetu hawakuwa na shida hiyo. Misikiti ya Pemba ilitandikwa mikeka na majamvi, na jamvi likilowa lilitolewa nje, likaanikwa kama linavyoanikwa jamvi la karafuu, jioni likarudi ndani. Zulia la kiwandani lina tabia nyingine. Uzi wake wa juu mara nyingi ni wa plastiki, haunywi maji. Maji hupenya yakaenda kutuama chini, kwenye mgongo wa zulia na juu ya sakafu, mahali ambapo jua halifiki wala upepo. Na kwa kuwa limekatwa kwa kipimo cha msikiti na pengine kugandishwa kwa gundi, hakuna wa kulitoa nje. Maji yafuatwe huko huko yaliko, yanyonywe.

Ndiyo maana mwezi wa Shaabani, Ramadhani ikikaribia, mashine ya kufulia mazulia huwa na safari nyingi. Ni tangi lenye mota ya kunyonya, pampu ndogo ya kusukuma maji ya moto yenye sabuni, mipira miwili, na mkono mrefu wa bomba unaoishia kwenye mdomo mpana, bapa. Mkono huo hufanya kazi mbili karibu kwa pamoja: unarusha maji ndani ya zulia, na hapo hapo unayavuta kabla hayajazama. Umetengenezwa mbali, kwa ajili ya kumbi za hoteli na ofisi zenye watu wanaovaa viatu. Safu ya mwisho ya msikiti haikuwa akilini mwa aliyeuchora. Kwa hiyo mafundi wa kwetu huubadilisha, na wana haki.

Ninachotaka kusema katika sura hii ni kwamba fundi huyo huyo, kwenye meza hiyo hiyo, hufanya mabadiliko ya namna mbili. Yapo anayoyafanya kwa kuongeza kitu kwenye mkono wa mashine, na hapo anapima, anafikiri, anajaribu. Na yapo anayoyafanya kwa kung'oa kitu kwenye chombo anachofanyia kazi, kava la grenda, waya wa ethi, boya la tangi, na hapo hapimi wala hafikiri. Ya kwanza ni ufundi. Ya pili yamewapotezea watu vidole na macho.

Tuanze na mdomo, maana hata mashine yenyewe ilianzia mdomoni. Mwaka 1901 mhandisi wa Uingereza, Hubert Cecil Booth, alionyeshwa mashine iliyopuliza vumbi badala ya kulivuta. Husimuliwa kwamba aliweka leso juu ya kiti mkahawani, akaibandika midomo yake, akavuta pumzi kwa nguvu. Leso ikabaki na doa la vumbi upande wa chini. Mashine aliyoitengeneza baadaye ilikuwa kubwa kiasi cha kukokotwa na farasi. Ilisimama barabarani na mipira yake mirefu ikapitishwa madirishani. Mwaka 1902 ilitumika kusafisha zulia la Westminster Abbey kwa ajili ya kutawazwa Mfalme Edward VII. Mimi katika habari yote hii hukumbuka ile leso. Kwetu, mashine ikivuta kidogo, mtu hukimbilia kutafuta mota kubwa zaidi, na mdomo hautazami.

Chukua mdomo wenye upana wa sentimita 30. Mwanya wake ukiwa wa milimita 4, hewa inapita kwenye eneo la milimita za mraba 1,200. Bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 38 lina eneo la milimita za mraba 1,134. Karibu sawa, na ndivyo inavyotakiwa: hewa haibanwi njiani wala haipwayi. Sasa mtu anaona mdomo unaziba kwa nyuzi, anachukua tupa, anaupanua mwanya hadi milimita 8. Mdomo umekuwa mara mbili, bomba ni lile lile. Hewa inaingia kivivu, na hewa ya kivivu haibebi maji. Zulia linabaki chepechepe, lawama anaitupia mota. Anayetaka kuupanua mdomo alipanue na bomba pia: la milimita 50 lina eneo la karibu milimita za mraba 1,960, na hapo mashine hupumua.

Lakini badiliko ninalolipenda kuliko yote nililiona Machomanne, Chake Chake, kwenye karakana yenye meza moja na jiliwa moja, na halikuhitaji bomba wala mota. Mdomo wa chuma ukivutwa juu ya zulia lililolowa hung'ang'ania. Mvutaji hujipinda mgongo, anavuta kwa kishindo, na mwisho wa siku hawezi kuinuka. Fundi yule alikuwa amenunua sokoni kibao cheupe cha plastiki cha kukatia mboga. Akachora juu yake ukanda wa urefu wa mdomo, akaubana ndani ya jiliwa baina ya vipande viwili vya mbao usipate makovu, akaukata kwa msumeno wa mkono, taratibu, plastiki ikidondoka kama nazi iliyokunwa. Kisha akauviringisha ukingo kwa tupa, na upande wa ndani akachonga mapengo madogo madogo, kila baada ya sentimita moja hivi, ili hewa ipite hata ukanda ukilala sawasawa juu ya nyuzi.

Kijana wake akataka kuufunga pale pale kwa skrubu. Mzee akamshika mkono.

“Ngoja mwanangu. Pitisha ukucha kwanza.”

Kijana akapitisha ukucha ukingoni, mwanzo hadi mwisho. Karibu na kona ukasita.

“Ami, pamenasa hapa.”

“Basi ukucha ukinasa, na uzi utanasa. Utawavulia watu zulia lao lote.”

Wakarudi kwenye tupa, na baada yake msasa. Ulipofungwa, skrubu zikizamishwa vichwa ndani ya plastiki, mkono uliteleza juu ya zulia kama ngalawa iliyopata maji. Plastiki ya namna ile huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 130 hivi, na maji ya mashine hayafiki huko. Wala mzee hakuigusa kwa grenda, kwa sababu diski inayozunguka kwa kasi huiyeyusha plastiki badala ya kuikata, na uji wa moto hurukia mikono.

Baada ya hapo alifanya jambo ambalo nimelieleza kwa kila fundi niliyekutana naye tangu siku hiyo. Aliwasha kijiti cha udi. Mashine ikiwa inavuta, akaupitisha moshi polepole kwenye kila kiungo cha bomba, kuanzia mdomoni hadi kwenye tangi. Penye kiungo kizima moshi ulipanda juu wima. Penye ufa, ulijipinda ghafla ukazama ndani. Alikuta nyufa mbili ambazo jicho lisingeziona. Hewa inayoingilia pembeni haipiti mdomoni, na mashine inayovuta hewa ya pembeni ni sawa na mtu anayekunywa kwa mrija uliotoboka.

Katika karakana ile ile, ukutani, imetundikwa keekee. Vijana wa leo wengi wameiona kwa maseremala wa majahazi tu: msukano wenye ncha ya chuma, jivu la kushikia juu, na uta wa kuuzungusha. Mkono mmoja unagandamiza, mwingine unakwenda na uta mbele na nyuma. Mikono yote miwili ina kazi na yote iko mbali na ncha, na mkono ukisimama, ncha inasimama. Usalama wa chombo kile umo ndani ya umbo lake. Hakuna aliyehitaji kuubandika kwa nje. Majahazi ya bahari hii yametobolewa matundu yake kwa namna hiyo vizazi na vizazi.

Mwaka 2010 umeme ulianza kuja Pemba kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, na kisiwa kikaacha kutegemea majenereta ya dizeli ya Wesha. Kwa karakana ilikuwa baraka. Drili, grenda na mashine ya kuchomelea zilipata umeme wa kuaminika zaidi. Ila chombo cha umeme kinaendelea kuzunguka baada ya mkono kusimama. Zima grenda uihesabie: diski inakwenda sekunde kadhaa peke yake. Tabia za mkono uliozoea keekee na msumeno hazitoshi hapo, na ndiyo sababu watengenezaji wake wameongeza vitu. Kava la chuma juu ya diski. Mpini wa pembeni kwa ajili ya mkono wa pili. Ni vitu hivyo hivyo vinavyong'olewa kwanza.

Nimeuliza kwa nini kava linatolewa, na majibu ni mawili. Moja ni kwamba linazuia kufika kwenye kona. La pili ndilo la kuogofya: ili iingie diski kubwa zaidi. Diski ndogo ya milimita 115 huandikwa usoni kikomo chake, mita 80 kwa sekunde, mizunguko 13,300 kwa dakika. Mita 80 kwa sekunde ni kilomita 288 kwa saa. Hiyo ndiyo kasi ya ukingo wake. Grenda ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, kwa hiyo diski yake iko salama. Sasa toa kava, funga diski ya milimita 230. Nayo imeandikwa kikomo cha mita 80 kwa sekunde, lakini kwa ukubwa wake kikomo hicho kinafika kwenye mizunguko 6,600 hivi tu. Ukiizungusha mara 11,000, ukingo unakwenda zaidi ya mita 130 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 470 kwa saa. Diski ni mchanga mkali uliogandishwa kwa gundi na wavu. Ikipasuka kwa kasi hiyo, vipande vinakwenda vilikoelekea, na kava lililokuwa livipokee liko chini ya meza.

Diski ina tarehe pia, imepigwa kwenye kipete cha chuma katikati, kwa kawaida miaka mitatu tangu kutengenezwa. Gundi huzeeka, na unyevu huidhuru. Hewa ya Pemba inatosha kuotesha kutu kwenye sufuria iliyo kabatini. Weka diski mahali pakavu, zilale bapa. Iliyodondoka sakafuni, ivunje uitupe. Ukiwasha, simama pembeni ya njia ya diski, usisimame nyuma yake, na uiache izunguke bure kidogo kabla hujagusa chuma.

La macho nitalisimulia la kwangu. Nilikuwa nakata bomba la mkono wa mashine, bomba jembamba, kata moja tu. Miwani ya kinga ilikuwa mezani, mbele yangu kabisa. Nikajiambia kata moja. Sikuona kitu kikiingia. Nilihisi kama vumbi, nikanawa, nikaendelea. Usiku jicho likaanza kuchoma, na alfajiri sikuweza kulifungua. Daktari alitoa chembe ya chuma ndogo kuliko punje ya chumvi, na ilikuwa tayari imeacha duara la kutu juu ya kioo cha jicho. Ikabidi nalo alikwangue. Nilirudishiwa jicho langu. Miwani sasa ninaifunga kwa kamba kwenye mpini wa grenda, siwezi kuinua kimoja bila kingine.

Na mavazi. Kwetu mtu hutoka msikitini akapitia karakana na kanzu yake, au anafanya kazi na msuli kwa sababu ya joto. Drili ya kusimama haibagui. Upindo wa kanzu ukigusa ncha inayozunguka, unavutwa wote pamoja na mwenyewe. Glavu nazo, ambazo kwingine ni kinga, mbele ya drili ni hatari: uzi wake ukinaswa, kidole kinafuata. Kitu cha kutobolewa kibanwe kwenye jiliwa, hasa bati jembamba kama la mdomo wa mashine. Ncha inapomalizia kutoboa, hunasa kwenye ukingo wa tundu, na bati ulilolishika kwa mkono linageuka panga.

Wapo wanaotaka kuukunja upya mkono wa mashine, ule mpindo wa shingo, ili mpini ufike usawa wa nyonga ya mvutaji mfupi au mrefu. Ni kazi nzuri na mgongo utashukuru. Bomba hujazwa mchanga lisibonyee, likazibwa ncha mbili, likapashwa moto, likakunjwa. Mchanga huo lazima uwe mkavu kabisa, uliokaangwa. Mchanga wa pwani una chumvi, na chumvi hushika unyevu. Ukizibwa ndani ya bomba na kupashwa moto unageuka mvuke, na kizibo hutoka kama risasi. Mzee wa Machomanne huukaanga kwenye karai, kisha huweka kipande cha kioo juu yake. Kioo kikipata ukungu, mchanga unarudi motoni.

Anayetaka kuunga bomba kwa kuchomelea, aangalie limepakwa nini. Bomba lililopakwa zinki likichomwa hutoa moshi mweupe, na jioni mtu hutetemeka kwa homa akadhani ni malaria. Mafundi wengi huamini maziwa yanaisafisha sumu hiyo. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanakwenda tumboni na moshi unakwenda mapafuni. Kwangua zinki kwanza sehemu ya kuungia, pua zikiwa zimekingwa, na uchomelee nje, upepo ukitokea ubavuni.

Vimebaki vitu viwili ambavyo hung'olewa kwenye mashine yenyewe. Kimoja ni boya. Ndani ya tangi la maji machafu limo boya dogo; tangi likijaa boya linapanda na kuziba njia ya hewa, mashine inaacha kuvuta. Mwenye haraka analiona ni kero, analitoa. Mwana wa mvuvi hahitaji kuelezwa boya ni la nini. Bila hilo, maji ya safu ya mwisho yanapanda moja kwa moja hadi kwenye mota yenye umeme, na mpini wa chuma uko mkononi mwa mtu aliyesimama peku juu ya zulia lililolowa. Na sabuni ikizidi, povu hupita hata boya likiwepo, kwa hiyo aliyetia sabuni nyingi amejidhuru mwenyewe.

Kingine ni waya wa ethi. Plagi yetu ina miguu mitatu na mrefu ndio wa ethi. Nimeona plagi ya miguu miwili ikishindiliwa kwa kuchokoa tundu la juu kwa kalamu, na nimeona waya wa ethi umekatwa kwa kuwa “haufanyi kitu”. Kweli haufanyi kitu, hadi siku umeme unapovujia kwenye chuma. Siku hiyo unafanya kazi ya miaka yote. Ongeza na swichi inayokata umeme unapovuja, ile ya miliampea 30, kabla ya waya wa kurefushia, na kiungo cha waya huo kiwekwe juu ya kiti, kisilale sakafuni. Sheria za usalama na afya kazini zipo, Bara tangu 2003 na Zanzibar tangu 2005. Lakini kwenye karakana ya watu wawili, mkaguzi wa kila siku ni yule mwenzako anayekuambia, “Kaka, kava liko wapi?”

Mkono ule wenye ukanda wa kibao cha mboga ulipelekwa kazini usiku, baada ya isha, siku mbili kabla ya Ramadhani. Nilikwenda nao. Kijana ndiye aliyeushika. Mzee alikaa kwenye ngazi ya mlango wa birikani akimhesabia: rusha maji mara moja, vuta mara tatu bila maji. Rusha mara moja, vuta mara tatu. Maji yaliyoingia tangini yalikuwa na rangi ya chai ya mkandaa. Waliimaliza safu ya mwisho karibu saa sita usiku, wakaacha madirisha wazi na mapanka yote yanazunguka, wakaweka kiti mlangoni kuzuia watu wasipite.

Alfajiri niliingia kwa mlango wa mbele, nikaenda kuswali safu ile ile. Nilipoinuka kutoka kwenye sijda nikajipangusa paji la uso kwa kiganja. Lilikuwa kavu.